Dalia za Mtaroni

Mwezi wa saba, hapa Kadutu, ziwa halionekani mpaka saa nne.
Ukungu hupanda mlima, hukaa juu ya mabati,
nami hutoka na sweta ya marehemu Cirhuza
kuwaangalia wafu wangu:
mashina meusi ya dalia, yamelala chini
kama kamba zilizosahauliwa mvuani.

"Mama Nsimire, hizo umeziua,"
husema Balola wa upande wa chini,
mwanamke wa maharage na kabichi,
asiyepanda kitu ambacho chungu hakikijui.
Simjibu. Vidole vyangu vina baridi,
na maua ya namna hii hayajitetei kwa maneno.
Yanajua kulala, basi.

Sista mmoja wa Nyangezi ndiye aliyenipa,
viazi vitano ndani ya soksi.
"Usivionee huruma," aliniambia.
"Kikizeeka kigawe kwa kisu,
kila kipande na jicho lake.
Kisicho na jicho hakioti."

Nimegawa miaka kumi na tisa.
Nimegawa mwaka wa risasi, nikiwa nimepiga magoti kwa sababu mbili.
Nimegawa wiki tuliyomzika Cirhuza,
maana mwezi wa nane haukungoja matanga yaishe.

Arumu zenyewe haziombi kisu.
Hukaa penye bomba linalovuja, nyeupe
kama mabakuli ya hospitali.
Hotensia ndiyo mbishi: niliinunua ya pinki,
udongo wa mlima huu ukaigeuza buluu
bila kuniuliza.

Kisha, mwaka juzi, akaja Mugisho,
mpwa wa mume wangu, kijana wa mikono ya haraka.
Nilikuwa Panzi siku nne na mguu wangu.
Alitaka kunifurahisha.
Akalima kitalu chote, akazoa "mizizi iliyooza",
akaimwaga mtaroni,
akapanda vitunguu, mistari imenyooka kama ya daftari.
Niliporudi alisimama mlangoni akingoja asante.
Nikampa. Ningefanya nini?
Nikaingia ndani, nikalilia kwenye taulo.

Mvua ya mwezi wa tisa ilikuja na hasira ya miezi mitatu.
Mtaro ulijaa, ukapasukia kwa Balola,
ukabeba udongo, ndala, chupa, kipande cha ua wa matete,
ukashuka navyo mpaka kwa Kahasha fundi viatu,
mpaka nyuma ya kanisa.
Tulikesha na makoleo.
Watoto tuliwahesabu mara mbili, na mara zote mbili walitimia.

Mwezi wa kumi na mbili Balola akaniita
kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka.
"Njoo uone kitu chako."
Katikati ya kabichi, jekundu,
pana kama kisahani cha chai,
limejaa maji, limeinamisha kichwa.
Kwa Kahasha lilikuwapo la njano, chini ya meza ya gundi.
Na nyuma ya kanisa mawili ya zambarau,
kwenye kokoto ambako hata magugu hukataa.

"Utaling'oa?" nikamwuliza.
Akatazama kabichi. Akatazama ua.
"Limekula nafasi ya kabichi mbili,"
akasema, kama anayesoma deni.
Halafu akaleta kijiti,
akalifunga kwa utepe wa kitenge chake kizuri,
kile cha ubatizo.

Sasa ni mwezi wa saba tena.
Mteremko wote ni mweusi, kwangu mpaka kanisani.
Wapangaji wapya wa Kahasha wanauliza
kwa nini watu wa hapa wanachomeka vijiti
kwenye udongo mtupu.
Balola ndiye anayewajibu, mikono kiunoni:
"Mpite pembeni. Hapo kuna mtu amelala."

Mugisho yuko kibarazani, ananoa kisu.
Nimemwonyesha jicho linakaa wapi.
Bado anakata vipande vinene mno.